Boti ya Unguja, ndege au meli kubwa ya kitalii: ipi kwa asiyeweza ngazi?

Dar es Salaam ina watu wengi wanaoiona bahari kila siku na hawaipandi. Magoti yamechoka, kiharusi kimeacha mguu mmoja mzito, au mtu anatumia kiti mwendo tangu utotoni. Nauli si lazima iwe tatizo. Wengine wana watoto walio tayari kulipa kesho asubuhi. Kinachowakwamisha ni swali ambalo dirisha la tiketi hulijibu haraka mno: "Nitapandaje?" Na "usijali mama, tutakubeba" si jibu.

Familia inapokaa kupanga, njia tatu ndizo hutajwa. Kuna boti ya mwendo kasi hadi Unguja, halafu siku chache za kupumzika kule. Kuna ndege hadi Unguja, bahari ikaangaliwa ufukweni. Na kuna kujikusanya kwa muda mrefu ili kupanda meli kubwa ya kitalii, ile ya kulala humo humo wiki nzima. Hii ya tatu wengi huiweka kando mapema wakidhani ni ya wenye miguu mizima. Si kweli, ingawa nayo ina mitego yake.

Vipimo, kabla ya bei

Kipimo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni kuhama. Muuzaji wa safari atakueleza habari za chombo: viti laini, kiyoyozi, televisheni. Mwenye shida ya kutembea hashindwi na chombo. Anashindwa na vipande vya katikati: kutoka kwenye gari hadi langoni, langoni hadi gatini, gatini hadi chomboni, kisha yote hayo tena upande wa pili, hadi kitandani. Kaa na kalamu uhesabu ni mara ngapi mwili utanyanyuliwa au utapanda ngazi. Safari ya siku 7 inaweza kuwa na minyanyuko michache kuliko safari ya saa 2.

Cha pili ni choo, jambo ambalo watu huona haya kuliuliza na baadaye hulilipia. Cha tatu ni mwili wenyewe: mawimbi, uchovu, dawa. Cha nne ni msaidizi, yaani nani anaruhusiwa na nani anatakiwa kukushika. Kisha dharura, na mwisho pesa.

Kabla ya kupiga simu yoyote, chukua futi ya fundi cherehani upime kiti chako: upana kutoka nje ya gurudumu hili hadi nje ya lile, urefu wake kikikunjwa, na uzito. Viti vingi vya mtu mzima vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70. Namba hizo tatu utaulizwa kila mahali, na usipoulizwa, zitaje mwenyewe.

Boti ya mwendo kasi hadi Unguja

*Kupanda na kushuka.* Boti zinaondokea bandarini Sokoine Drive, ng'ambo ya barabara kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na zinafika Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe. Kiti mwendo kinasukumika hadi karibu na boti. Kazi inaanza kwenye daraja la kupandia, na daraja hilo halina mteremko mmoja. Bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa 6 hivi. Asubuhi utalikuta limelala karibu sawasawa. Mchana wa siku hiyo hiyo limeinama kiasi cha kumtisha hata mwenye miguu.

Kwa hiyo, kama tarehe iko mikononi mwako, safiri siku za maji mafu. Huhitaji programu ya simu. Kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani inatosha: kama tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25 za mwezi mwandamo, maji hayapandi sana wala hayatoki sana. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo.

Wapagazi wana nguvu na wana moyo, ila desturi yao ni kunyanyua kwanza, kuuliza baadaye. Mmoja atashika mikono ya nyuma ya kiti. Wa pili atashika pale pa kuwekea mkono, ambapo kwenye viti vingi panachomoka. Wa tatu, aliyekuja kwa huruma tu, atashika gurudumu, nalo litamzunguka mkononi katikati ya daraja. Mzee mmoja ninayemfahamu ana hotuba yake fupi. Vijana wakishasema "shikamoo babu", anaitikia "marahaba" na kuendelea bila kupumua: "Sasa wanangu, breki kwanza. Shikeni chuma cha fremu, si gurudumu, si hapa pa mkono. Mkubwa wenu awe upande wa chini." Wanamtii. Pia mwambie anayekusukuma kwamba penye mteremko mkali kiti hushuka kinyumenyume, yeye akiwa chini yake, ili uzito ulale mgongoni na usidondoke mbele.

Kuhusu tiketi: usidhani daraja la bei kubwa ndilo rahisi kwako. Uliza viti vyake viko sakafu ipi. Kama ni juu, umelipa zaidi ili upandishwe ngazi.

*Choo.* Mlango mwembamba, kizingiti cha kuruka, sakafu inayocheza. Panga kama vile hakipo, umalize haja nchi kavu. Safari ni kama saa 2, na wengi huvumilia, lakini usimnyime mzee maji ya kunywa ili asiombe choo, hasa mwenye kisukari au anayetumia dawa za presha. Pampasi za watu wazima zinapatikana kwenye maduka ya dawa, na hazina aibu.

*Mwili.* Hapa upepo ndio mwenye neno. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na Juni hadi Agosti huwa kali. Boti inaruka, watu wanatapika, na asiyeweza kujikaza kwa miguu anateseka mara mbili. Kaskazi ya Desemba hadi Machi nayo ina siku zake. Malelezi, yaani kipindi cha kati pepo zinapobadilishana, ndicho cha kukitafuta: Oktoba na Novemba, au Machi inapoishia. Boti ya asubuhi kwa kawaida hukuta bahari tulivu kuliko ya alasiri. Kaa sakafu ya chini, katikati kuelekea nyuma.

*Msaidizi na dharura.* Hakuna fomu ndefu wala masharti. Msaidizi wako ndiye mpango mzima. Julai 2012, boti ya abiria MV Skagit iliyotoka Dar ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe kwenye bahari ya kusi. Siitaji ajali hiyo kumfungia mtu ndani. Naitaja ili, ukishakaa, uombe koti la kuokolea uliwekee mkono, ujue mlango wa kutokea uko wapi, na msaidizi wako akae kiti cha pili yako, asiende kuangalia pomboo.

*Pesa.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Ila hesabu gharama ya baada ya kushuka. Mji Mkongwe una vichochoro vya mawe yasiyo sawa, baraza zimetokeza mbele ya milango, na nyumba nyingi za wageni ni majumba ya zamani yenye ngazi zilizosimama. Forodhani pale mbele ni tambarare na panapendeza kwa kiti mwendo, lakini chumba chako kinaweza kuwa ghorofa ya tatu. Ukienda pwani, Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali sana. Paje, bahari ikipwa, unabaki unaitazama kwa mbali nyuma ya mchanga mpana. Muulize mwenye hoteli akutumie video, si picha, ya njia kutoka gari linaposimama hadi kitandani na chooni.

Boti inamfaa anayeweza kusimama na kupiga hatua chache akishikwa, au mwepesi wa kubebwa asiyeona tabu kubebwa.

Ndege hadi Unguja

*Kupanda na kushuka.* Angani ni kama dakika 20 tu, na ndiyo maana watu huona ni rahisi. Ugumu uko kwenye aina ya ndege. Zile ndogo za watu kama 12 zina vipandio vichache, lakini ndani huwezi kusimama wima. Unaingia umeinama na kusogea hivyo hivyo hadi kwenye kiti. Kwa goti bovu hilo ni baya kuliko ngazi. Zile kubwa kidogo za pangaboi zina ngazi yao wenyewe mlangoni, unasimama vizuri ndani, ila njia ya katikati ni nyembamba kuliko kiti chako, kwa hiyo unahamishiwa kwenye kiti chembamba cha ndege. Daraja la kuunganisha jengo na mlango usilitarajie kwa safari hii.

Kuna lugha ya kuzungumza na mashirika, nayo inafanya kazi duniani kote. Mwambie mkata tiketi aandike WCHR kama unaweza ngazi lakini huwezi mwendo mrefu, WCHS kama huwezi ngazi ila ndani ya ndege unajisogeza, WCHC kama unahitaji kubebwa hadi kwenye kiti. Toa taarifa angalau saa 48 kabla. Watu wengi huomba "wheelchair" tu, wanaandikiwa herufi ya mtu anayepanda ngazi, na siku ya safari hakuna aliyejiandaa. Uliza pia kwa maneno yaliyonyooka: "Siku hiyo lifti ya kupandishia abiria itakuwepo, Dar na Unguja?" Kuwepo upande mmoja hakukusaidii.

*Choo.* Ndege ndogo hazina. Kwenye kubwa kipo, lakini kiti mwendo hakiingii. Kwa dakika 20 si hoja. Vyoo vya uwanjani ndivyo vya kuvitumia.

*Mwili.* Hapa ndege inazishinda zote: hakuna mawimbi, na uchovu ni mdogo. Mwenye shida ya moyo au ya kupumua apate kwanza neno la daktari wake.

*Msaidizi na dharura.* Wahudumu wa uwanja ndio wanaokubeba. Kama unatumia kiti cha betri, anza mazungumzo mapema sana. Shirika litataka kujua aina ya betri na nguvu yake. Betri ya lithiamu inayochomolewa kwa kawaida isizidi saa-wati 300, nayo husafiri na abiria, si kwenye mizigo. Kwenye ndege ya watu 12, kiti kizito cha betri karibu hakina pa kukaa.

*Pesa.* Ni ghali kuliko boti, na ndege ndogo zina kikomo kikali cha mizigo. Mwambie dereva wa teksi ni jengo gani, maana Uwanja wa Julius Nyerere una majengo matatu, na kushushwa kwenye jengo lisilo lako ni adhabu.

Inamfaa anayechafukwa na bahari, mwenye maumivu yasiyovumilia mitikisiko, na anayesafiri msimu wa kusi.

Meli kubwa ya kitalii

Kwanza tuelewane: meli hizi hufika Dar na Unguja mara chache, na zikija abiria wake wamepandia kwingine. Mtanzania anayetaka kupanda huanzia nje. Njia mbili zilizo karibu ni Durban, ambako msimu ni miezi ya joto ya huko, Novemba hadi Aprili hivi, na Dubai, ambako meli hukusanyika miezi ya baridi, Novemba hadi Machi.

*Kupanda na kushuka.* Unapanda ndege Jengo la 3, ambako ndege kubwa hufungwa daraja mlangoni, kisha bandari ya abiria yenye njia za mteremko, na wahudumu wa meli wanakusukuma hadi chumbani. Baada ya hapo, wiki nzima: lifti, sakafu zilizonyooka, mkahawa, ukumbi na sitaha, bila kufungua wala kufunga sanduku. Mtu wa kiti mwendo anaweza kupita siku 3 bila mtu kumgusa kwapani. Wenye hali hiyo wanajua thamani yake.

Mtego uko kwenye vituo. Meli ikifunga gatini, unashuka kwa daraja. Isipofunga, inatia nanga nje na abiria wanapelekwa ufukweni kwa mashua, na hapo kampuni nyingi hukataa kumbeba mwenye kiti mwendo asiyeweza kupiga hatua chache, au humruhusu bahari ikiwa shwari tu. Kwa hiyo usisome majina ya miji; soma namna ya kushuka katika kila mji. Safari fupi za Durban kwenda fukwe na visiwa vya Msumbiji hutegemea sana mashua, na kule unatua kwenye mchanga. Safari za Ghuba kutoka Dubai hufunga gatini karibu vituo vyote, isipokuwa kisiwa cha Sir Bani Yas, na Dubai yenyewe ina metro ambayo unaingia bila kupanda ngazi. Kwa kipimo changu cha kuhama, Dubai iko mbele. Kwa viza, Durban iko mbele: Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, wala ya Msumbiji kwa muda mfupi, Dubai lazima uombe, na kwa kuwa meli inatoka na kurudi, ulizia viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

*Choo.* Hapa meli haina mpinzani, kwa sharti moja: uwe umepata chumba maalumu cha wenye ulemavu. Kina mlango mpana, bafu la kuingia na kiti bila kizingiti, na vyuma vya kujishikia. Vyumba hivyo ni vichache kila meli na huisha mapema, miezi mingi kabla. Chumba cha kawaida mlango wake huwa mwembamba, kiti kitabaki kwenye korido, na korido si mahali pa kuegesha chochote. Watakuambia ukikunje au ukiingize. Usikubali "tutaona ukifika".

*Mwili.* Meli kubwa haichezi kama boti, lakini inacheza. Chagua chumba cha katikati na sakafu za chini. Mazulia mazito huchosha mikono ya anayejisukuma mwenyewe, na lifti hujaa wakati wa chakula. Ondoka mapema au chelewa kwa makusudi. Dawa beba za siku za ziada, kwenye begi la mkononi.

*Msaidizi.* Hapa familia nyingi hushangaa. Wahudumu watabeba sahani yako na kukusukuma siku ya kupanda na kushuka, lakini hawakuogeshi, hawakuvalishi, hawakunyanyui kutoka kitandani. Anayehitaji hayo lazima aje na mtu wake. Kiti mwendo cha meli ni cha kupandia na cha dharura. Cha matumizi uje nacho. Na kuna fomu ya mahitaji maalumu yenye tarehe ya mwisho: ijaze kwa ukweli hata pale panapotia haya.

*Dharura.* Kuna daktari ndani, anayelipwa kwa fedha za kigeni. Bima unayotibiwa nayo nyumbani usiitegemee huko. Kata bima ya safari inayotaja ugonjwa ulio nao tayari na gharama za kukuhamisha kutoka melini. Siku ya kwanza kuna zoezi la usalama ambalo kila abiria hushiriki. Uliza hapo utashushwaje lifti zikizimwa, na nani amepangiwa jina lako.

*Pesa.* Nyingi. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaoshiriki chumba, kwa hiyo ukienda peke yako unaweza kulipa karibu ya wawili. Juu yake kuna ndege, bahashishi inayokatwa kila siku, vinywaji na intaneti. Kwa upande mwingine, malazi, chakula na burudani vimo ndani, na msaidizi wako anakaa chumba hicho hicho.

Inamfaa anayetumia kiti mwendo muda wote, anayechoshwa na kubebwa, na mwenye mtu wa kuandamana naye.

Kwa hali yako

Kama unatembea kwa fimbo na magoti ndiyo tatizo, boti siku ya maji mafu, asubuhi, inatosha, mradi chumba cha Unguja kiwe chini. Ikiwa ni Julai, ahirisha au panda ndege kubwa ya pangaboi. Zile ndogo za kuinama ziache.

Kama umepata kiharusi hivi karibuni, au mzee wako anahitaji kubadilishwa mara kwa mara, ndege na siku chache kwenye hoteli yenye bafu la kuingilika ni safari ya kutosha. Meli ingoje hadi daktari aseme.

Kama ni kiti mwendo muda wote, huna shida ya afya nyingine, na unaweza kungoja mwaka mmoja ukiweka akiba, anza kuuliza chumba maalumu kwenye meli za Dubai kabla hata hujaomba viza.

Kama unataka kujipima kwanza bila gharama kubwa, vuka Magogoni kwenda Kigamboni kwa pantoni mchana, watu wakiwa wachache, ukiwa kwenye kiti chako na si ndani ya gari. Utajua namna unavyosukumwa kwenye mteremko, namna shingo na tumbo vinavyoitikia maji, na kama msaidizi wako anasikiliza maelekezo.

Kama huna msaidizi, boti usipande peke yako. Ndege unaweza, ukiwa umeandikiwa herufi sahihi. Meli inawezekana pia, kama unajihamisha mwenyewe kitandani na chooni na umeeleza hivyo kwenye fomu. Na popote Tanzania Bara utakapoambiwa kwamba kuulizia lifti au mlango mpana ni usumbufu, taja kwa sauti ya kawaida Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kisha rudia swali lako na usubiri jibu kwa maandishi.